Maswali yenu kuhusu picha ya Jumamosi, na huu moto wa kutaka ustaa

Jumamosi tulifunga shuka jeupe uwani kule Magomeni, hapa hapa Bagamoyo, tukawasha projekta tukaangalia The King of Comedy, mimi nina maiki natafsiri papo kwa papo maana wale jamaa wa New York wanaongea kama wanafukuzwa. Toka siku hiyo meseji haziishi kwenye simu, nikaona bora nijibu hapa kwa pamoja kuliko kumjibu kila mtu saa sita za usiku. Twende.

"Kaka mimi nilichelewa, nimefika nakuta mtu kashafungwa kwenye kiti. Nipe stori kwa kifupi." Dereva wa bajaji, Dunda

Pole, abiria ndio ugali wenyewe. Rupert Pupkin ni mtu mzima anakaa kwa mama yake, na chumbani kwake katengeneza studio ya uongo, ana mastaa wa maboksi wenye ukubwa wa mtu kabisa, anakaa katikati yao anapiga stori anacheka kama yupo laivu. Anachotaka ni kupanda kwenye shoo ya usiku ya Jerry Langford akachekeshe watu. Ofisini anapigwa danadana, akaenda hadi nyumbani kwa Jerry bila kualikwa akafukuzwa, basi yeye na shabiki mwenzake anaitwa Masha wakamteka Jerry kwa bastola ya bandia, na hela hawakutaka hata senti, alichotaka Rupert ni dakika zake kwenye tv. Rupert ni Robert De Niro, Jerry ni Jerry Lewis, Masha ni Sandra Bernhard, na aliyeiongoza ni Martin Scorsese. Marekani ilitoka 1983.

"Mbona inaitwa komedi na mimi nilikaa roho juu mwanzo mwisho?" Muuza chipsi, stendi

Hujakosea kuiangalia, ndivyo ilivyo. Hii ni ile komedi ambayo unaanza kucheka alafu kicheko kinakukwama kooni. Kumbuka pale Rupert anapompeleka Rita, yule dada anayemtongoza, nyumbani kwa Jerry, amebeba na begi kabisa kama mgeni wa siku mbili, muziki unapigwa, wanacheza sebuleni kwa watu, mtumishi wa nyumba amechanganyikiwa anampigia bosi wake simu aache gofu arudi. Jerry anaingia, amekunja uso, na Rupert bado anatabasamu, anaona ni utani tu. Hapo watu wa pale uwani walikuwa wamenyamaza kimya, kuna mzee mmoja mbele yangu alivua kofia akajifunika uso, hataki kuona. Mzee yule kaielewa picha kuliko wote. Aibu unaibeba wewe unayeangalia, mwenyewe haimgusi, na ndio maana inauma vile.

Na wewe sio wa kwanza kulalamika. Ilitengenezwa kwa dola kama milioni 19 na kule kwao Marekani ikarudisha kama milioni 2 na nusu tu, watu hawakuitaka kabisa, japokuwa ndio iliyofungua tamasha la Cannes mwaka ule ule wa 1983 na aliyeiandika, Paul Zimmerman, akapata tuzo ya BAFTA Uingereza. Heshima ilikuja kwa kuchelewa. Wale mlioona Joker ya 2019 mtakumbuka De Niro ndiye mtangazaji wa shoo mle ndani, yani safari hii kiti cha Jerry kakikalia yeye, na waliomweka pale walijua wanachofanya.

"Hii stori ni ya kweli?" Mwanafunzi wa sanaa

Rupert ni wa kutungwa ila alikotoka ni kweli tupu. Zimmerman aliona kipindi cha tv kuhusu watu wanaowinda sahihi za mastaa, alafu akasoma makala ya jamaa mmoja aliyekuwa anaandika kwenye daftari kila shoo ya Johnny Carson, mtangazaji mkubwa wa usiku kule Marekani, kila siku anaipa maksi. Akaona hapa kuna mtu.

Sasa angalia miaka yenyewe. Desemba 8, 1980, John Lennon wa Beatles alimsainia shabiki mmoja santuri jioni nje ya nyumba yake New York, usiku ule ule shabiki huyo huyo akampiga risasi akafa. Machi 30, 1981, kijana mwingine akampiga risasi Rais Reagan ili tu mcheza filamu Jodie Foster amtambue, na alikuwa amemwona kwenye Taxi Driver, picha ya Scorsese huyu huyu na De Niro huyu huyu. Miezi michache baadae ndio wanapiga hii picha ya Rupert, mitaani New York. (Mwaka huo huo wa 1981 ndio Chuo cha Sanaa chetu hapa kilianzishwa, ambacho leo ni TaSUBa, kwaiyo wakati wao wanahangaika na Rupert huku wazee wetu wanafundishana ngoma na kuigiza.)

Ndio maana naomba mkirudia muiangalie mwanzo vizuri. Masha kajifungia ndani ya gari ya Jerry, viganja viwili vimebandikwa kwenye kioo, flashi imempiga usoni, picha inasimama pale pale inaganda, na Rupert yupo nje anachungulia. Majina ya waigizaji yanapita juu ya vile viganja. Mimi nikishaona ile sihitaji kuelezwa kitu kingine.

"Jerry ana roho mbaya, shabiki amekupenda unamtukana?" Dada wa saluni, Magomeni

Dada yangu hapa tutagombana kidogo. Rudi pale anapotembea barabarani, mama mmoja yupo kwenye simu ya kulipia anamsifia weee, anamwomba aongee na ndugu yake kwenye simu, Jerry anakataa kwa ustaarabu kwamba amechelewa, na yule mama hapo hapo anamwombea kansa. Kansa! Sekunde tano kabla ilikuwa sifa tupu. Jerry Lewis mwenyewe alisema jambo lile lilishamtokea maishani. Nyumbani Jerry anakula peke yake, hana mtu. Kumpenda staa sio kosa, sisi wenyewe tulimzika Kanumba, mcheza filamu wetu, Aprili 2012, viwanja vya Leaders Dar vilifurika, watu wanazimia, na wengi hawakuwahi hata kumpa mkono. Wale walienda kulia wakarudi makwao, hawakuwa wanamdai kitu. Masha anadai. Hiyo ndio tofauti ninayoiona.

"Mwisho ule ni kweli ametoka jela akawa staa au anaota?" Watatu mmeuliza hili

Picha haisemi, na toka mwanzo imekuchanganya makusudi, ndoto za Rupert na maisha yake vimepigwa kwa rangi ile ile bila alama yoyote. Mimi nasema ni kweli. Kahukumiwa miaka sita, katoka baada ya miaka miwili na miezi tisa, kaandika kitabu, kapewa shoo. Ukisema ndoto unalala vizuri, ila we jiulize hapa kwetu mangapi yamefanywa kwa kutafuta kiki na aliyefanya wiki ya pili anaitwa kwenye intavyuu.

"Shikamoo. Mdogo wangu ana miaka 19, kaacha kazi ya ferry, soko la samaki, anashinda laivu TikTok, amekuwa chawa wa msanii mmoja, anamtukania watu bure ili ajulikane. Juzi kalala nje ya hoteli Dar kumsubiri. Nimfanyeje?" Mama wawili, Mwanamakuka

Marahaba mama. Swali lako nimelisoma mara nyingi.

Mimi nilipokuwa na umri wake nilienda kwenye redio moja Dar na CD yangu ya vichekesho, nikakaa mapokezi toka saa tatu asubuhi, mlinzi kabadilishana zamu mimi nipo, nilihesabu vigae vya ukutani vyote. Jioni dada akaja akasema kwa upole acha hapo tutakupigia. Hawakupiga. Nilirudi siku nne. Kwaiyo pale Rupert anaposubiri ofisini kwa Jerry, anakodolea dari anauliza imetengenezwa na nini, watu uwani walicheka na mimi na maiki yangu sauti ilinikauka kidogo, namjua yule mtu.

Ila sikiliza, Rupert aliambiwa. Mwanzoni kabisa Jerry alimwambia ndani ya gari kwamba lazima uanzie chini, yule anajibu ndipo nilipo, chini kabisa. Ofisini wakamwambia nenda kwenye vikilabu, jaribu mbele ya watu, tutakuja kukuona. Ushauri ule ulikuwa mzuri na yeye hakwenda hata siku moja, alikuwa na kiu ya kiti, kazi yenyewe hakuionja. Mimi kilichonitoa pale mapokezi ni mzee mmoja aliyenikalisha kwenye mazoezi ya ngoma hapa Bagamoyo miezi sita nabeba ngoma za wenzangu tu, alafu siku moja akaniambia haya, dakika tano, wachekeshe hawa wavuvi. Hawakucheka. Kesho yake nikarudi na stori nyingine kuhusu bei ya ndoano, mmoja akacheka.

Usimnyang'anye simu, ataazima ya mwenzake. Muulize anachoweza ni nini, na kama kweli ana mdomo mlete kwangu Jumamosi saa kumi kabla hatujawasha projekta, watu wanakuwa wameshakaa, nitampa maiki dakika tano. Ila matusi ayaache mapema, kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na yule bosi wake hatokwenda kumwekea dhamana. Na sokoni arudi, asubuhi asubuhi, samaki hawamsubiri mtu.

"Kwani mama yake Rupert yupo hai au kafa?" Mtoto wa darasa la saba, jirani

Wewe ulitakiwa uwe umelala! Swali zuri sana lakini. Picha nzima tunamsikia anapiga kelele toka juu, Rupert punguza sauti, na hatumuoni hata mara moja, sauti ile ni ya mama mzazi wa Scorsese. Alafu Rupert akishapata jukwaa lake, mbele ya nchi nzima, anatania kwamba mama yake amekufa miaka tisa iliyopita. Watu wanacheka. Mimi naamini mama yupo hai, juu ya ngazi, na ndiye mtu pekee aliyekuwa anamsikia Rupert kila siku, usiku wote ule anaongea na maboksi yake.