Kulea watoto mji wa pwani Uingereza: jibu langu kwa mdogo wangu na wifi

Mdogo wangu, na wewe wifi yangu, swali lenu la juzi kwenye grupu la familia nililiona siku ileile ila sikutaka kulijibu kwa voisi ya dakika mbili, maana ni jambo zito, mnahamisha watoto wawili wadogo. Mmeuliza hivi: wifi kapata ofa mbili za unesi huku Uingereza, moja Leicester katikati ya nchi, nyingine huku kwetu Essex pwani, na kwa vile nyie ni watu wa Tanga na mmeona picha za wanangu wanacheza ufukweni Southend, mji wa Essex ninaoishi, mmeshaamua moyoni kwamba pwani ndiyo yenyewe, kilichobaki mnataka kujua kama mtapata nyumba inayotazama maji. Nawajibu kama ninavyoyaona mimi ninayeishi hapa na watoto na kufanya kazi nasari, na mwingine yeyote mwenye mpango kama wenu asome tu.

Pwani ni pazuri kulea mtoto, hilo nalisema kwa moyo wote. Ila mji wa pwani wa huku usiuchague kwa kuitazama bahari. Ipeni bahari mgongo kwanza muangalie kilichopo nyuma yake, kuna treni? kuna kazi ya mtu wa pili? kuna shule yenye nafasi? kuna nyumba kavu? Hivyo vikiwepo bahari mtaifaidi, visipokuwepo mtakuwa mnaiona dirishani mmekaa na jaketi sebuleni.

Maana sio pwani zote za huku ni za matajiri kama mnavyodhani huko. Kuna kijiji kinaitwa Jaywick, huku huku Essex, karibu na Clacton, kipo baharini kabisa, na takwimu za serikali za 2010, 2015 na 2019 zote zilikitaja kuwa sehemu yenye dhiki kuliko zote England. Blackpool ndio usiseme, mji maarufu wa kitalii lakini mitaa yake imejaa kwenye orodha hiyohiyo. Mwaka 2021 daktari mkuu wa serikali, Chris Whitty, alitoa ripoti nzima kuhusu afya za watu wa miji ya pwani akasema wana maradhi zaidi na wana madaktari na manesi wachache ukilinganisha na bara. Kazi nyingi za huko ni za msimu, kiangazi mahoteli na vibanda vya aiskrimu vinaajiri, baridi ikiingia mji unalala. Wifi yeye kazi anayo, hospitali haina msimu, lakini wewe mdogo wangu je? Hapo ndipo pa kupiga hesabu.

Tupige basi. Nesi anayeanza bendi 5, yaani ngazi ya mshahara ya manesi wapya, kwa 2025/26 ilikuwa pauni 31,049 kwa mwaka. Ikikatwa kodi, bima ya taifa na pensheni mkononi inabaki kama pauni 2,000 kwa mwezi. Nyumba ya vyumba viwili Southend ni kama pauni 1,200 mpaka 1,400, juu yake weka kodi ya kaunsili (serikali ya mtaa), umeme, gesi, maji, nauli. Mnaona wenyewe, mshahara mmoja haulishi familia ya watu wanne hata kidogo, na anayewaambia unatosha hajalipa bili zake mwenyewe. Kwa hiyo baba lazima afanye kazi, na viza ya mwenza inamruhusu kufanya karibu kazi yoyote. Hapa niseme wazi ili watu wasichanganye, wifi anakuja kama nesi ndiyo maana anaruhusiwa kuja na familia, wale wanaokuja kazi ya kulea wazee kwenye makea walifungiwa kuleta mume na watoto tangu 11 Machi 2024. Na kwa viza yake ya afya hamtalipa ile ada ya NHS, huduma ya afya ya serikali, ambayo wengine wanalipa zaidi ya pauni 1,000 kila mtu mzima kila mwaka, hiyo ni neema kubwa, shukuruni.

Sasa na watoto nani anakaa nao? Shifti ya nesi ni masaa kumi na mbili na kitu, anatoka alfajiri anarudi usiku, shule inafungua kama saa tatu kasorobo asubuhi na kufunga saa tisa na robo alasiri, na huku hamna dada wa kazi, hamna bibi wa jirani wa kusema niangalizie mtoto nafika sokoni mara moja. Ni wewe baba utapeleka, utachukua, utapika, utasuka hata nywele. Mkubwa ana miaka 5 yeye ataingia shule moja kwa moja na ni bure, na mpaka darasa la pili la huku chakula cha mchana shuleni ni bure kwa watoto wote. Mdogo wa miaka 2 ndiyo mtihani. Mnasikia kuna masaa 30 ya nasari bure kwa wazazi wanaofanya kazi, ni kweli yapo, ila nyie wote wawili mkiwa na viza iliyoandikwa kwamba hamna haki ya fedha za umma hamuyapati. Mtakachopata ni masaa 15 kwa wiki, kwa wiki 38 za mwaka, kuanzia muhula unaofuata baada ya mtoto kutimiza miaka 3. Kabla ya hapo wengi wanalipa mfukoni, isipokuwa wenye kipato kidogo, hilo mkaulize kaunsili, na nasari ya siku nzima inakula mshahara. Naliona kila wiki kazini kwangu, mama anakuja na mahesabu yake ya kwenye simu, akiambiwa bei anakaa kimya. Mkija jipangeni baba afanye kazi za usiku au za wikiendi mpaka huyo mdogo afike miaka 3. Wewe fundi wa magari, kazi za gereji zipo, leseni yako ya udereva ya Tanzania inakubalika miezi 12 tu, ndani ya hiyo ufanye mtihani wa huku upasi usingoje mwezi wa kumi na moja.

Nyumba. Hii ndiyo nataka mnisikilize kuliko yote. Zile nyumba kubwa za zamani zinazotazama maji, mnazoziona kwenye picha na madirisha yake marefu, nyingi zimekatwakatwa vyumba vya kupangisha, upepo wa chumvi unazipiga mwaka mzima, mbao za madirisha zimeliwa, ukiwasha hita joto linatoka linakwenda Ufaransa. Watu wanaanika nguo ndani kwa sababu nje baridi, unyevu unaingia ukutani, baada ya miezi miwili nyuma ya kabati kuna kuvu nyeusi. Hiyo kuvu sio uchafu wa kupaka rangi ukasahau. Desemba 2020 kule Rochdale mtoto wa miaka 2, Awaab Ishak, alifariki kwa sababu ya kuvu ya nyumba waliyopangishwa, wazazi wake walikuwa wamelalamika wee, na sasa kuna sheria yenye jina lake inayobana wenye nyumba za jamii watengeneze haraka. Nyie mna mtoto ana pumu. Kwa hiyo mkifika kuangalia nyumba ingieni mnuse, sogezeni kabati, gusa ukuta wa upande wa kaskazini, ulizeni cheti cha nishati ambacho kina herufi A, ndiyo nyumba inayotunza joto vizuri, mpaka G, ikiwa C chukueni, ikiwa E fikirieni mara mbili hata kama inatazama bahari yote ya dunia.

Na mafuriko. Usiku wa 31 Januari 1953 bahari ya kaskazini ilifurika ikaua watu 307 England, kisiwa cha Canvey jirani yetu hapa walikufa karibu watu 60. Leo wamejenga ukuta mkubwa na watu wanaishi salama, ila kisiwa chenyewe sehemu kubwa ipo chini kuliko maji yakijaa, na nyumba zake utakuta nafuu kidogo ndiyo maana wageni wanavutiwa. Simkatazi mtu Canvey. Nasema tovuti ya serikali ya hatari ya mafuriko ni bure, unaweka postikodi (namba ya posta ya mtaa) inakuambia, na dakika tano hizo zifanyeni kabla ya kutuma hela yoyote kwa dalali.

Mimi ningewaambia mkae dakika kumi au kumi na tano kwa mguu kutoka majini, kwenye mwinuko. Kwa mitaa ya Southend, Leigh na Thorpe Bay ni pazuri sana ila bei yake inauma. Westcliff kuna watu mchanganyiko, kuna msikiti, hospitali haipo mbali, nyumba nzuri na mbovu zimekaa mtaa mmoja kwa hiyo macho. Shoebury ni nafuu zaidi na pametulia, ila jueni jeshi lina uwanja wa majaribio ya silaha kule, siku nyingine kunalia kishindo madirisha yanatetemeka, mtoto mchanga anashtuka usingizini. Wenyeji hata hawageuki.

Treni ndiyo inayofanya niipende Southend kuliko miji mingine mingi ya pwani. Kuna laini mbili za kwenda London, ya c2c inakwenda Fenchurch Street na nyingine inakwenda Liverpool Street, zote kama saa moja hivi. Ile c2c inapita Barking, na pale London mashariki kuna Waswahili, kuna unga, kuna samaki wa kukausha, kuna harusi na misiba yetu. Jumamosi nawapandisha wanangu wanaenda kukutana na wenzao wanaoongea Kiswahili, bila hivyo lugha ingeshapotea maana shuleni darasa zima wanaoongea Kiswahili wanaweza kuwa wao tu au na mwenzao mmoja. Mji wa pwani uliojitenga, mbali na treni, mtakaa wapweke. Na tuseme na hili pia japo linauma, zile fujo za kiangazi 2024 za kupinga wageni zilianzia Southport, mji wa bahari, zikafika Hartlepool na Plymouth na kwingine. Hapa kwangu majirani ni watu wema, wa kulia ananiletea nyanya za bustanini, ila wiki ile watoto nilikaa nao ndani. Leicester kwa hilo wanawashinda watu wa pwani, ni mji wa watu wa kila rangi, mtawakuta hata wazee wa Kihindi waliofukuzwa Uganda 1972 wanawasalimia kwa Kiswahili kizuri tu.

Haya, bahari yenyewe. Southend ipo mdomoni mwa mto Thames, maji yakipwa yanaondoka kweli kweli, linabaki tope zaidi ya kilomita. Ndiyo maana gati yetu ina urefu wa kilomita 2.16 na treni yake ndogo juu, zamani meli zisingeweza kufika ukingoni. Watoto hilo tope wanaliabudu, kaa, kombe, mabuti yanazama, wanarudi weusi mpaka masikioni. Lakini nyie mliozoea ufukwe wa Raskazone kule Tanga mnajua kuisoma bamvua kwa macho, hapa msijiamini, maji yanarudi kwa kupitia mifereji ya nyuma yenu wakati mbele bado pakavu, mnajikuta mmezungukwa. Hatari hiyo imefanya RNLI, shirika la waokoaji wa baharini, hapa wawe na hovakrafti, chombo kinachoelea juu ya hewa, maana boti haiwezi kwenda topeni. Angalieni jedwali la maji kila mara kabla hamjashuka, na likitokea la kutokea ni kupiga simu 999 mnaulizia Coastguard, walinzi wa pwani. Kuogelea kwenyewe ni Julai na Agosti na bado maji ya baridi yanakata pumzi, kuogelea kwa kweli watoto wanajifunzia bwawani, mtaala unataka mtoto akimaliza msingi aweze mita 25. Baada ya mvua kubwa msiwaingize majini siku mbili tatu kwa sababu mifereji ya zamani inachanganya mvua na maji ya vyooni na ikizidiwa inamwaga baharini, serikali inapima usafi wa fukwe kuanzia 15 Mei mpaka 30 Septemba na majibu yapo wazi kwa kila ufukwe.

Mvua watu wanaitia chumvi, kona hii ya Essex ni kati ya sehemu kavu kuliko zote Uingereza, milimita 500 na kitu kwa mwaka, Tanga inapata zaidi ya mara mbili. Kinachotesa ni upepo na giza, Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Watoto wetu weusi wapeni vitamini D kila siku, mwaka mzima, daktari atawaambia hivyohivyo.

Kwa hiyo jibu langu: chukueni ofa ya Essex, ila wifi aulize kwa maandishi atapangiwa hospitali ipi maana Southend, Basildon na Chelmsford zipo chini ya uongozi mmoja, asije akapanga nyumba huku akapelekwa kule. Ombeni malazi ya hospitali kwa miezi ya mwanzo, baba na watoto wafuate baadaye nyumba ikishapatikana. Nafasi ya shule mnaomba kaunsili mkishakuwa na anwani, na mkubwa akifika umri kuna shule nne za grama hapa, sekondari za serikali zinazochagua kwa mtihani, mtihani wake wanafanya mwanzoni mwa darasa la sita, hilo tutaongea. Dipoziti ya nyumba haizidi kodi ya wiki tano kisheria na lazima iwekwe kwenye mfuko unaolindwa ndani ya siku 30, dalali akidai zaidi ya hapo msitume. Mkipata nyumba yoyote mtandaoni nitumieni postikodi, nitaenda mimi mwenyewe kuyasogeza hayo makabati.