Muulize Mzee wa Tripodi: Dakika tano za mnada wa Nizwa

Kila toleo mpiga picha wetu mkongwe wa vipindi vya safari anajibu barua zenu. Safari hii nyingi zimechochewa na kipindi cha Oman, kile chenye mnada wa mbuzi.

Shikamoo Mzee wa Tripodi. Mimi na wifi yangu tuliangalia kipindi cha Oman. Mtangazaji anashuka kwenye gari, anaingia mnadani, anapiga soga na mzee mmoja kwa Kiswahili, anakula halua, kwisha. Dakika tano zenyewe hazifiki. Halafu nyie watu wa kamera kutwa mnalalamika kwamba safari za nje zinachosha. Zinachosha wapi?
*Mama wa Segerea*

Marahaba, mama. Ngoja nikutajie ambayo hamkuyaona, halafu wewe na wifi mtaamua.

Mnada wa mbuzi wa Nizwa ni Ijumaa asubuhi. Unaanza jua likichomoza, na ikifika saa tatu umeshapoa, watu wanarudi makwao kujiandaa na swala. Kutoka Muscat ni kilomita kama 160. Kwa hiyo huyo mtangazaji mliyemwona anashuka garini amechangamka, aliamshwa saa tisa usiku, na njia nzima alilala mdomo wazi (picha ninayo, nimeiweka kwa siku atakayonikera). Ukiikosa Ijumaa hiyo, unasubiri nyingine. Wiki moja ya hoteli, chakula na gari la kukodi kwa watu wanne haina pa kuombea fedha. Na kule mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, hivyo karatasi yako ikiwa na kasoro, mwenye muhuri utamwona Jumapili. Fiksa wetu, yaani mwenyeji tunayemlipa atufungulie milango, alishinda Alhamisi yote akifukuzia muhuri mmoja. Aliporudi nao, ilikuwa imebaki kula na kupanga mabegi.

Sasa mnada wenyewe. Wauzaji wanazunguka na mbuzi wao kwenye duara, wanunuzi wamekaa ndani na nje ya duara hilo, bei zinapigiwa kelele juu ya vichwa. Hakuna anayekusubiri. Mbuzi aliyepita amepita, huwezi kumwambia mwenye mali arudi ili lenzi yako ikae sawa. Kamera moja tuliifunga juu ya stendi, ikae pale pale mpaka mwisho. Ya pili nilikuwa nayo mimi begani, katikati ya kwato na vijiti. Mtangazaji naye akawa anaingizwa mlangoni, anatolewa, anaingizwa tena, maana kila akiingia kuna kijana anasimama nyuma yake na kupungia kamera. Mkirudia kuangalia, tazameni viatu. Vyeupe alivyoshuka navyo garini, anapovuka mlango vimeshakuwa rangi ya udongo. Hapo alikuwa ameshazunguka soko kuliko mbuzi wenyewe.

Yule mzee wa Kiswahili hatukumpanga. Oman ina familia nyingi zilizowahi kuishi Zanzibar na huku bara, na wengi waliondoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964. Kiswahili kimebaki majumbani mwao. Alinisikia nikimuuliza mwenzangu wa sauti, "Hiyo betri imejaa?" akageuka na kusema, "Nyie watu wa wapi?" Akaanza kuuliza habari za Darajani, za Ng'ambo, pweza bei gani siku hizi. Mtangazaji wetu alikuwa hajavalishwa maiki. Mwenzangu wa sauti akainua ile maiki ya mti mrefu, yenye koti la manyoya la kuzuia upepo. Beberu mmoja akayaona yale manyoya, akayatia mdomoni.

Kicheko cha mzee mlichokisikia ndicho hicho. Beberu hamkumwona kwa sababu mtu wa sauti aliruka mbele ya lenzi kuokoa mali ya kampuni, na mgongo wake ulijaza fremu yote. Mhariri akachukua sauti ya kicheko akaibandika juu ya picha za minarani na mitende. Mazungumzo marefu kuhusu Darajani yalikwenda na meno ya beberu, maana maiki ya kamera peke yake ilichukua kelele za mnada kuliko maneno ya mzee. Hilo mpaka leo linaniuma, lakini sina wa kumshitaki.

Mzee, mimi ni fundi saa, kwa hiyo macho yangu huenda mkononi kwanza. Mnadani saa ya mtangazaji inasoma saa moja na nusu. Anapokula halua inasoma saa tano kasoro. Sauti inasema "papo hapo akaonjeshwa halua". Papo hapo ya masaa matatu? Na mengine mnayotuonyesha ni ya kweli?
*Fundi saa, Mtaa wa Kongo, Kariakoo*

Kumbe kuna watu wanatazama mikono! Umetukamata, na nimeisambaza barua yako chumba cha uhariri wasome wote. "Papo hapo" niliyakataa maneno hayo, nikazidiwa sauti.

Halua ililiwa Nizwa, siku ile ile, kwenye duka lililo mwendo wa dakika chache kutoka mnadani. Ililiwa baadaye kwa sababu huwezi kuupoteza mwanga wa asubuhi, ule wa ubavuni unaoonyesha vumbi, kwa ajili ya sahani ya halua ambayo haitakimbia. Kwenye kazi yetu mpangilio wa saa huvunjwa kila siku: unapiga kwanza kinachokwisha, halafu kinachosubiri. Hilo sioni kosa lake. Kosa nililonalo mimi moyoni ni kupiga picha mji mmoja ukasema ni mwingine, au kumpa mtu maneno ya kusema halafu ukamwita mwananchi wa kawaida. Hayo nikiombwa, nafunga stendi.

Umeuliza pia pembeni kama tunawalipa watu. Tunalipia kitu: halua, kikombe cha kahawa, muda wa mwenye mashua. Maneno ya mtu hatuyanunui, kwa sababu ukishalipa mmoja azungumze, wa pili atazungumza unachotaka kusikia.

Habari za kazi, mzee wangu. Nina chaneli yangu ndogo ya safari. Mwezi ujao naenda Istanbul na rafiki yangu, tuna kamera mbili, droni, na betri kibao. Tunaogopa uwanja wa ndege kuliko ndege yenyewe. Tushauri.
*Kijana wa Sinza Kumekucha*

Nzuri, mwanangu. Kuogopa uwanja ni akili, maana safari nyingi za kushuti hufia hapo.

Betri za ziada zote ziwe kwenye begi la mkononi. Zile za lithiamu haziruhusiwi kwenye mzigo unaokwenda tumboni mwa ndege. Kila betri imeandikwa wati-saa, alama yake Wh. Mpaka 100, kwa kawaida hakuna anayekusumbua. Kati ya 100 na 160 omba idhini ya shirika la ndege kabla ya siku ya safari, na za ziada zisizidi mbili. Zaidi ya 160 iache Sinza. Kama maandishi yamefutika kwa jasho na miaka, piga hesabu mwenyewe, volti mara ampia-saa, uandike kwa kalamu ya wino usiofutika: volti 14.4 mara 6.8 ni wati-saa 97.9. Sasa unajua kwa nini betri kubwa za kamera zinaishia karibu na hapo. Ziba ncha zake kwa selotepu, kila moja kwenye mfuko wake.

Kabla hujapanda ndege, waone watu wa forodha hapo Julius Nyerere ukiwa na orodha ya vifaa vyote na namba zilizopigwa chini ya kila kimoja. Wakigonga muhuri, unaporudi hutaanza kueleza kwamba hiyo kamera uliinunua zamani, si juzi huko ulikotoka. Nakala moja weka kwenye begi, nyingine kwenye simu.

Droni. Uturuki wanataka droni ya kuanzia gramu 500 isajiliwe, na juu ya katikati ya Istanbul, penye misikiti, majumba na watu wote wale, usiweke matumaini. Jibu maswali hayo ukiwa bado Dar. Kuna nchi, Morocco kwa mfano, ambako droni inachukuliwa forodhani hata kabla hujaitoa kwenye boksi. Mimi binafsi nimechoka na picha za droni. Kila mji ukitazamwa toka juu unafanana na mwenzake, mapaa na barabara. Panda juu ya jengo la mtu, umwombe vizuri, utapata picha na chai.

Ratiba nayo: Kapalıçarşı, lile soko kubwa la kuezekwa, Jumapili hufungwa. Ayasofya imerudi kuwa msikiti tangu 2020, kwa hiyo panga saa zako kwa kufuata saa za swala, na stendi ya kamera usiingie nayo mahali kabla hujauliza. Viza ya utalii pia isome masharti yake. Ukienda kutembea na simu ni jambo moja, ukienda kibiashara na wafanyakazi ni jingine. India wana viza yao ya waandishi, Marekani nao wana ya kwao.

La mwisho kwako ni kadi za kamera, zile zinazohifadhi video. Video ya megabiti 100 kwa sekunde inakula gigabaiti 45 kila saa. Usiku, kabla ya kuoga, nakilini kila kitu kwenye diski mbili. Moja ilale kwenye begi lako, nyingine kwa rafiki yako. Kadi haifutwi mpaka diski zote mbili zimefunguliwa na kuangaliwa kwa macho.

Mzee, kwa nini video za ndugu yangu aliyeko Saudia zina mistari inayopanda na kushuka kwenye taa za dukani, wakati kamera ile ile hapa haikuwa na shida?
*Fundi umeme, Gongo la Mboto*

Wewe fundi utanielewa haraka. Umeme wetu ni hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, wa Saudia ni 60. Kamera iliyowekwa shata (muda wa kila picha kupokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde inapishana na mapigo ya taa za kule. Aweke 1/60 au 1/120. Japani ndiko kuna kituko: Tokyo ni hezi 50, Osaka ni 60, nchi moja. Ukipanda treni asubuhi, mchana unabadilisha kamera.

Maiki zisizo na waya nazo zina tabia hiyo, kila nchi na masafa yake. Marekani walizifungia sehemu kubwa ya megahezi 600 mwaka 2020, na zipo ambazo bado zinauzwa kwa bei ya kutupa. Sasa unajua kwa nini.

Kwa nini kipindi cha Paris mnara wa Eiffel umeonyeshwa mchana tu? Usiku ndiyo unapendeza!
*Mpenzi wa runinga, Magomeni*

Mnara wenyewe ni wa 1889, haudaiwi na mtu. Taa zake za usiku ni za 1985 na zina hakimiliki, hivyo ukizitumia kibiashara unaomba ruhusa na unalipia. Wewe ukipiga ya kwako na familia hakuna atakayekuuliza. Sisi bajeti ilisema mchana.

Baba, binti yangu amepata nafasi ya kujifunza kazi kwenye timu yenu na ameniambia ataondoka nanyi safari ijayo. Mimi sijawahi kuvuka hata Namanga. Atakula nini, atalala wapi, na kazi yake hasa ni ipi?
*Mama, Kigamboni*

Mama yangu, barua yako ndiyo niliyoanza kuisoma.

Atalala chumba chake, wala si kitanda cha ziada kwenye chumba cha mtu. Hilo liko kwenye makubaliano, mwambie akuonyeshe. Bima ya safari ni sharti, na fiksa anakuwa na namba ya hospitali ya karibu kabla hatujatua. Chakula ni cha mahali tulipo, na mara nyingi kinaliwa kimesimama. Awe na biskuti zake.

Kazi yake itamshangaza. Tukilala pwani yenye joto la unyevu, kama Muscat au Mombasa, yeye ndiye ataamka mapema zaidi kutoa kamera kwenye chumba chenye kiyoyozi na kuziacha nje ndani ya mabegi yake, nusu saa au zaidi, vinginevyo lenzi inajaa ukungu na tunabaki tunafuta mpaka jua limepanda. Ataandika kila klipu imepigwa wapi, nani yuko ndani yake, jina lake linaandikwaje. Atawaombea wenye maduka wazime feni kwa dakika mbili. Atashika mwavuli juu ya kamera, yeye mwenyewe akiwa juani. Na kila jioni atanigombeza nikitaka kulala kabla ya kunakili kadi. Hiyo ruhusa nimempa.

Mwambie asinunue viatu vipya kwa ajili ya safari. Aje na vile alivyokwisha kuvizoea, na chaja yake mwenyewe. Yangu siazimishi.