Kuba lisilo na mlango

Mwanangu mpenzi,

Picha zako za Kathmandu nimezipata, na swali lako pia: mbona lile kuba jeupe la Boudhanath halina mlango, watu wanalizunguka tu tangu alfajiri? Na je, ni vibaya wewe kuzunguka nao?

Mwanangu, stupa, yaani kuba kama hilo, haijengwi ili watu waingie. Ndani imejaa udongo, matofali au mawe, na humo kwa kawaida huhifadhiwa masalia ya mtakatifu. Asili yake ni kaburi. Wabudha husimulia kwamba Buddha alipofariki mwili wake ulichomwa, masalia yakagawanywa mafungu 8, kila fungu likajengewa tuta lake. Baadaye mfalme Ashoka wa India, karne ya 3 kabla ya Kristo, akayafukua mengi na kuyagawa upya katika himaya yake. Kwa hiyo unaowaona wanazunguka wanamzunguka Mwalimu wao mwenyewe.

Ukijaliwa kufika India, usikose Sanchi. Stupa kubwa ya pale aliianzisha Ashoka kwa matofali, waliomfuata wakaipanua na kuivika mawe. Mimi yananigusa zaidi malango yake manne. Lango la mashariki limechongwa ule usiku Buddha alipouacha ufalme: farasi anatoka mjini, mtu amemshikia mwavuli wa kifalme, lakini mgongoni hakuna mpandaji. Ng'ambo ya pili zipo nyayo mbili tu, nazo zimefunikwa mwavuli. Enzi hizo hawakumchonga sura. Kwangu mimi, ile nafasi tupu ina heshima kuliko sanamu yoyote.

Hapo ulipo, inua uso. Macho yamechorwa pande zote nne, na juu yake vidato 13, ndizo hatua za kuifikia nuru. Ile michirizi ya manjano kwenye chokaa humwagwa kwa ndoo, itokeze umbo la petali za yungiyungi. Tetemeko la Aprili 2015 liliharibu kilele hicho. Waumini wakachanga, wakajitolea kwa mikono yao, na Novemba 2016 kikazinduliwa upya.

Kuhusu kuzunguka: nenda, mwanangu. Kumheshimu marehemu wa wenzio hakukutoi katika dini yako. Kuba liwe mkono wako wa kulia, usiende kinyume na watu, na wale wanaosujudu chini usiwapige picha bila kuwaomba.

Mama yako