Donati za epo na mvinyo: kwa nini unga hauumuki

Dada, umesema ulikandia unga wa donati kwa mvinyo mtamu badala ya maziwa na haukuumuka. Mchawi ni huo mvinyo. Kilevi kikizidi kinadumaza hamira, unga unabaki kama udongo wa mfinyanzi.

Kanda kama kawaida: unga nusu kilo, hamira vijiko 2 vya chai, sukari vijiko 4 vya chakula, yai 1, siagi kidogo, maziwa vuguvugu robo lita. Kwa joto hili la Dodoma saa moja inatosha unga kuumuka, wakati mwingine haifiki.

Pombe iweke kwenye epo. Menya 3, katakata vipande vidogo kama punje za mahindi, bandika na sukari, mdalasini na nusu kikombe cha mvinyo mwekundu wa zabibu zetu za hapa hapa. Moto mdogo, koroga mpaka ukivuta mwiko, chini ya sufuria ibaki njia. Mara ya kwanza mimi sikuwa na subira, nikafungia epo zenye maji ndani ya unga. Zilipasuka kwenye karai, mafuta yakaruka mpaka kwenye pazia! Siku hizi nakaanga donati tupu, zikipoa natoboa ubavuni na kujaza.

Mafuta jaribu kwa kipande cha unga: kizame kidogo, kisha kiibuke juu kikitoa povu. Kikiungua papo hapo, punguza moto.

Na kilevi hakiishi chote jikoni. Za watoto pikia juisi ya zabibu, sufuria yake.