Jibu: Wanormani walikuwa Waviking au Wafaransa?
Ndugu, umeuliza kama Wanormani walioiteka Uingereza mwaka 1066 walikuwa Waviking au Wafaransa. Kwa asili Waviking (mabaharia wavamizi kutoka Skandinavia), kwa lugha na dini Wafaransa. Mwaka 911 mfalme Charles wa Tatu wa Ufaransa, akiwa amechoshwa na uvamizi wa Waviking, alimpa kiongozi wao Rollo ardhi kandokando ya mto Seine, kuzunguka Rouen, kwa sharti abatizwe na awazuie Waviking wengine. Vizazi vichache baadaye wajukuu zao waliongea Kifaransa.

Ila bahari haikuwatoka. Tazama kitambaa cha Bayeux kilichotariziwa karne ya 11 kuonyesha utekaji ule wa Uingereza: mafundi wanakata miti kwa mashoka, wanachonga mbao, kisha merikebu zinavuka zimebeba farasi, vichwa vimechungulia juu ya ubavu. Merikebu zile ni za Kiviking kabisa. Kupigana juu ya farasi walijifunza Ufaransa. Mchanganyiko huo ndio uliowapa nguvu, kwa maoni yangu, kuliko damu.

Na usiishie Hastings, vita vya 1066. Wanormani wengine, Robert Guiscard na mdogo wake Roger, waliiteka Palermo, mji wa kisiwa cha Sisilia, mwaka 1072, na mwana wa Roger akatawazwa mfalme wa Sisilia mwaka 1130. Makarani wake waliandika Kilatini, Kigiriki na Kiarabu.