Uvimbe kwenye titi: usiukande, nenda ukapimwe

Dada yangu wa Moshi, umesema una miaka 38, uvimbe ni wa mviringo, unateleza ukiugusa, unauma hedhi ikikaribia, na jirani anakushauri uukande kwa majani. Tafadhali usiukande wala kuubinya.

Dalili hizo zinafanana na kifuko cha maji, ambacho huwapata zaidi wanawake wa miaka 35 hadi 50 kwa sababu ya homoni. Ila kufanana si uthibitisho. Hata daktari hawezi kuamua kwa vidole peke yake. Nenda hospitali ya Mawenzi au KCMC hapo Moshi, ulizia ultrasaundi ya titi, yaani kipimo cha picha kwa mawimbi ya sauti. Haina mionzi, na huonyesha kama ndani ni maji matupu au kuna nyama. Maji matupu yasiyokusumbua huachwa tu. Kikiuma, hunyonywa kwa sindano: maji yakiwa ya njano au kijani na uvimbe ukaisha, ni dalili njema. Yakiwa na damu, au uvimbe ukibaki au kurudi, unahitaji vipimo zaidi, pengine kukatwa kinyama kidogo kwa ajili ya maabara.

Ukiona chuchu imeingia ndani au inatoa damu, ngozi imekuwa kama ganda la chungwa, au kuna tezi kwapani, usisubiri hedhi ipite. Nenda kesho asubuhi.