Rangi Isigeuke Maziwa: Kuunda Ndege na Magari ya Vita Madogo Katika Hewa ya Lamu

Karatasi ya maelekezo iliyomo ndani ya boksi la modeli ya plastiki husema rangi ikauke nusu saa, kisha uendelee. Aliyeiandika alikuwa kwenye chumba kikavu chenye joto la nyuzi 20 hivi. Hapa Lamu, mtaa wa Langoni, mwezi wa Mei, kuta za mawe zinatoa jasho na unyevu wa asubuhi umepita asilimia 75. Nusu saa hiyo haina maana. Kuunganisha vipande ni kufuata picha tu, mtoto mtulivu ataiweza. Kinachowashinda watu hapa pwani ni unyevu, chumvi na joto, na kasoro nyingi wanazolaumu rangi au gundi huanzia hapo.

Anayeanza na achukue ndege ya kivita ya Kiingereza, Hawker Hurricane Mk I, ya kipimo cha 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko halisi. Ndege halisi ilikuwa na mabawa ya mita 12.19 kutoka ncha hadi ncha, kwa hiyo yako itakuwa na sentimita 17, inakaa hata kwenye kidaka cha ukutani. Nayo si mgeni kwetu: Hurricane za jeshi la anga la Afrika Kusini ziliruka kutoka Kenya kupigana na Waitaliano mwaka 1940, mwaka uleule Malindi ilipopigwa mabomu na ndege za Kiitaliano. Ukiupenda upande wa pili, kuna Savoia-Marchetti SM.81, mabawa mita 24, ambayo kwa 1/72 hutoa sentimita 33. Hiyo iache kwanza. Injini tatu na vioo vingi vitakutoa roho. Mpenzi wa deraya atafute gari la Marmon-Herrington, lililoundwa Afrika Kusini na kutumika katika vita hivyohivyo. Kwa magari na vifaru, kipimo kilichozoeleka ni 1/35.

Kabla ya kukata chochote, osha fremu zote zilizoshika vipande kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo. Kiwandani huwa zimepakwa mafuta ili plastiki itoke kwenye kalibu, na mafuta hayo yakibaki rangi itabanduka na utepe. Suuza kwa maji baridi, na uache zikauke usiku kucha. Kata kipande mbali kidogo na mwili wake, kisha malizia kwa kiwembe na msasa namba 400, halafu 600, halafu 1000. Anayekata kwa mkato mmoja karibu na kipande huacha doa jeupe, na doa hilo huonekana hata chini ya rangi.

Gundi ziko za aina tatu na kila moja ina tabia yake katika joto letu. Gundi nyepesi ya plastiki huyeyusha kingo za vipande viwili vikawa kimoja. Unashikanisha vipande kwanza, kisha unagusa mshono kwa brashi, gundi inakimbia yenyewe ndani. Saa saba mchana hupuka, yaani hugeuka mvuke, kabla haijafika mbali, basi gusa kila sentimita 2 badala ya kutegemea tone moja, na funika chupa kila baada ya mguso. Ile ya pili, ya kushika papo hapo, hukamata kwa msaada wa unyevu, kwa hiyo Lamu hukamata upesi kuliko ilivyoandikwa kwenye chupa. Shida yake ni mvuke. Katika hewa yenye unyevu mvuke huo huacha ukungu mweupe kwenye plastiki angavu, na kioo cha rubani kikishapata ukungu ni kazi kukisafisha. Kioo kibandike kwa ile ya tatu, gundi nyeupe ya mbao. Ikizidi, futa kwa pamba yenye maji.

Sasa rangi, ambako ndiko machozi yaliko.

Rangi za laka hukauka kwa sababu thina yake hupuka haraka. Inapopuka huchukua joto la uso wa plastiki, uso unapoa, na unyevu wa hewani unatua juu yake kama umande juu ya bilauri ya maji baridi. Umande huo hunaswa ndani ya rangi, na vanishi uliyotaka iwe kama kioo inatoka kama maziwa. Usikimbilie msasa. Subiri siku kavu, pulizia thina inayopuka polepole, nyembamba sana, peke yake bila rangi. Itaifungua rangi upya na kuuachia ule unyevu utoke. Mara nyingi weupe huondoka wote. Ila kinga ni rahisi kuliko tiba: kipimo kidogo cha unyevu, kile cha kutundika ukutani, kiwe mezani, na kikipita asilimia 70 usiguse laka.

Kwa mwaka mzima hesabu ni hii. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ndio msimu wa kupulizia. Masika, Aprili hadi Juni, fanya kazi za kukata, kusugua na kugundisha, na kama lazima upake, paka kwa mkono. Ndani ya siku moja, saa nne asubuhi hadi saa nane mchana ndipo unyevu hushuka. Baada ya hapo upepo huleta mchanga. Usiku usipulizie kabisa.

Rangi za akriliki zina ugomvi wa namna nyingine. Katika joto, matone hukauka hewani kabla hayajafika kwenye ndege, na uso unakuwa na vumbivumbi kama ukuta uliopakwa chokaa. Rangi hukaukia pia kwenye ncha ya sindano ya eabrashi, kile kifaa cha kupulizia rangi kwa hewa, kisha inatema. Kwa rangi za kampuni ya Tamiya anza na rangi 1 kwa thina 1, na siku ya jua kali ongeza thina kidogo pamoja na dawa ya kuchelewesha ukaukaji, isizidi sehemu 1 kwa 10. Weka mgandamizo psi 15 hadi 20 na usogeze ncha iwe sentimita 5 hadi 7 kutoka kwenye plastiki. Futa sindano kwa pamba yenye thina kila dakika chache. Tabaka tatu nyembamba hushinda moja nene, daima.

Kompresa nayo hukusanya maji. Ikibana hewa yetu, hewa inapata joto, halafu inapoa njiani na maji yanadondoka ndani ya mpira. Wengi hufunga kichujio cha maji palepale kwenye mashine, ambapo hewa bado ina joto na maji hayajatengana nayo. Tumia mpira wa mita 2 au 3, na ufunge kichujio cha pili karibu na mkono. Tangi limwage maji kila unapomaliza kazi, maana likishika kutu kwa ndani hutalijua mpaka siku litakapovuja.

Asiye na kompresa asijione maskini. Rangi za mafuta kwa brashi ya mkono huleta uso safi kabisa kwenye 1/72. Katika rangi za kampuni ya Humbrol, namba 29 ndiyo kahawia ya udongo na namba 30 ndiyo kijani iliyoiva, rangi mbili za mgongo wa Hurricane. Lainisha kwa matone machache ya tapentaini, vuta brashi upande mmoja tu, na uache saa 24 kati ya tabaka. Masika fanya 48. Thina ya magari usiiguse. Ikigusa plastiki tupu huila.

Kuhusu mahali pa kupulizia: chumba cha ndani cha nyumba ya mawe hakina hewa ya kutosha, utalewa. Kiwanda, ule uwazi wa katikati ya nyumba, ndipo panapofaa. Juu ya dari chini ya makuti panavutia kwa hewa yake, ila makuti hudondosha ungaunga kwenye rangi mbichi, na mvuke wa thina chini ya makuti na jiko la mkaa jirani ni moto unaosubiri. Vaa barakoa ya vichujio vya mvuke. Ya kitambaa haizuii kitu. Ukimaliza, funika kazi kwa beseni la plastiki. Paka wa Lamu hawaheshimu rangi mbichi.

Dekali, zile picha nyembamba za alama na namba, huharibiwa na maji yenyewe. Maji ya visima vingi mjini yana chumvi, yakikauka huacha mstari mweupe kuzunguka kila alama. Tumia maji ya mvua yaliyochujwa au maji yaliyotoneshwa yanayouzwa kwa ajili ya betri za magari. Soma kibandiko vizuri, maana tindikali ya betri huuzwa kwenye chupa zinazofanana nayo.

Dekali haishiki kwenye rangi isiyong'aa. Uso wa aina hiyo una vijishimo, hewa inabaki chini ya dekali, na utaona mng'ao wa kifedha usioondoka. Basi vanishi inayong'aa kwanza, tabaka mbili, saa 24. Loweka dekali sekunde 15, iweke juu ya karatasi ya shashi dakika moja, isukume kwa brashi hadi mahali pake, na ukandamize kutoka katikati kwenda kingoni. Kwa ndege za Afrika Kusini angalia kitone cha katikati ya duara: ni cha rangi ya chungwa, Waingereza wao walitumia nyekundu. Dekali zilizogeuka manjano bandika kwa utepe kwenye kioo cha dirisha, ndani ya mfuko wa plastiki. Jua letu huzirudisha nyeupe kwa siku chache. Hiyo ndiyo fadhila pekee ya jua katika ufundi huu.

Chumvi hula zaidi ya inavyoonekana. Vipande vya shaba nyembamba hugeuka kijani, kwa hiyo visugue kwa msasa mwepesi, vifute mafuta, uvipake praima, ile rangi ya msingi, siku ileile. Waya wa antena usiwe wa chuma. Uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa zamani wa umeme unatosha, au vuta kipande cha fremu juu ya mshumaa mpaka kiwe chembamba kama unywele. Visu na sindano vifungwe kwenye kitambaa chenye mafuta ya cherehani. Ya nazi huchacha na kunata.

Kuchakaza, yaani kuifanya modeli ionekane imetumika, ndipo mtu wa pwani anapojidanganya. Amezoea mabati yaliyoliwa na bahari, basi anapaka kutu kila mahali. Kwenye Hurricane, nusu ya nyuma ya kiwiliwili ilifunikwa kitambaa, na kitambaa hakichubuki kikaonyesha chuma; mikwaruzo ya fedha iwe mbele, kuzunguka vifuniko vya injini, na pale rubani anapokanyaga bawa akipanda. Marmon-Herrington iliyokimbia nchi kavu ya kaskazini ilibeba vumbi kuliko kutu. Saga chaki za rangi, ichukue poda kwa brashi kavu, anzia magurudumuni na upungue kadiri unavyopanda.

Ukitaka kuisimamisha juu ya mchanga, usichukue wa ufuo wa Shela ukaumwaga hivyohivyo. Punje ya milimita 1 kwenye kipimo cha 1/35 ni kokoto ya sentimita 3.5. Osha mchanga mara tatu kwa maji baridi kutoa chumvi, kausha juani, upitishe kwenye soksi ya nailoni, na tumia kile kilichopita tu. Mwaga juu ya gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Usipouosha, baada ya wiki mbili chumvi itachanua juu yake kama barafu, na Marmon-Herrington yako itakuwa imeegeshwa Ulaya.